Hadhira Ishikapo Usukani: Maoni ya Wachezaji kuhusu Uteuzi katika Mchezo wa Kutisha wa Until Dawn

Utangulizi

Mtambaji wa ngano anapofika mahali pa kutisha, pale zimwi linapobisha hodi na mtoto amesalia peke yake nyumbani, hadhira huwa haina la kufanya ila kushusha pumzi na kungoja. Wapo watakaopaza sauti kumwonya mtoto asifungue. Hata hivyo, mlango utafunguliwa au utabaki umefungwa kwa mapenzi ya fanani. Swali ambalo wahakiki wa fasihi simulizi hawakulazimika kulijibu kwa muda mrefu ni hili: hali huwaje hadhira inapokabidhiwa ufunguo wa mlango huo?

Michezo ya video inayoendeshwa na uteuzi wa mchezaji imelileta swali hilo mbele yetu. Katika michezo hii, mchezaji husikiliza na kutazama hadithi, kisha kila baada ya muda hutakiwa kumwamulia mhusika: asema kweli au adanganye, akimbie au ajifiche, amwokoe huyu au yule. Makala haya yanachunguza maoni ambayo wachezaji wameyatoa kuhusu mchezo mmoja wa aina hiyo, Until Dawn, na kuonyesha kwamba ubishi wao unaweza kufafanuliwa vyema kwa istilahi ambazo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anazo tayari. Aidha, makala yanajadili iwapo hoja inayotolewa mara kwa mara, kwamba uteuzi katika michezo hii ni kiinimacho tu, ina mashiko.

Usuli wa Mchezo

Until Dawn ulitolewa mwezi Agosti 2015 na kampuni ya Supermassive Games ya Guildford, Uingereza, kwa ajili ya mtambo wa PlayStation 4. Ulikuwa umetangazwa mwaka wa 2012 kama mchezo wa PlayStation 3, kisha ukasukwa upya kabla ya kutolewa. Hadithi yake iliandikwa na Wamarekani wawili, Larry Fessenden na Graham Reznick. Fessenden ni mtengenezaji filamu za kutisha ambaye mwaka wa 2001 alikuwa ametoa filamu iitwayo Wendigo, na jina hilo, kama tutakavyoona, ndilo kiini cha mchezo wenyewe. Mwaka wa 2016 mchezo huu ulipata tuzo ya BAFTA katika kitengo cha kazi mpya asilia. Toleo lililosukwa upya lilitoka mwaka wa 2024, na filamu iliyotokana na mchezo ikafuata mwaka wa 2025.

Msuko wake ni rahisi kusimulia. Kundi la vijana limekusanyika katika nyumba ya kifahari kwenye mlima wa kubuni uitwao Blackwood, nchini Kanada. Wanamfanyia mwenzao Hannah mzaha wa kikatili kwa sababu anampenda kijana aitwaye Mike. Hannah anakimbilia nje kwenye theluji, pacha wake Beth anamfuata, na wote wawili wanaporomoka kwenye genge. Mwaka mmoja baadaye, Josh, kaka yao, anawaalika vijana wale tena mlimani. Usiku huo mmoja ndio uwanja wa mchezo, na azma ya mchezaji ni kuwafikisha vijana wanane hadi alfajiri. Wote wanaweza kuangamia. Wanaweza pia kunusurika wote, isipokuwa Josh ambaye hali yake ni ya kipekee.

Namna Uteuzi Unavyofanya Kazi

Watunzi waliuita mfumo wao athari ya kipepeo, yaani imani kwamba jambo dogo leo huzaa kubwa kesho. Mathalani, mapema katika hadithi, Chris anajifunza shabaha akiwa na Sam. Mchezaji anaweza kumwelekeza apige mfuko wa mchanga au amfyatulie kindi anayepita. Akimpiga kindi, baadaye ndege anamshambulia Sam na kumjeruhi usoni. Hakuna mhusika anayeeleza uhusiano wa mambo hayo mawili. Mchezo huuonyesha kwa alama tu, kisha ukaendelea na safari yake.

Jambo la pili ni kwamba mchezo hujihifadhi wenyewe kila hatua. Mchezaji aliyekosea hawezi kurudi nyuma hatua moja arekebishe. Sharti aendelee na hasara yake hadi mwisho au arudie upya. Kwa hiyo methali isemayo majuto ni mjukuu imejengwa ndani ya mtambo wenyewe.

La tatu linahusu mwili wa mchezaji. Kuna nyakati ambapo kiumbe anayewinda hawezi kumwona mtu asiyetikisika. Mchezaji huamriwa kushika kidhibiti bila kutikisa mkono hata kidogo, kwa kuwa kifaa hicho hutambua mwendo. Mkono ukitetemeka, mhusika anaweza kufa. Wachezaji wengi wamesifu mbinu hii kwa kuwa hofu huacha kuwa ya mhusika pekee na kuhamia kwenye vidole vyao. Wengine, kwa ujanja wa sungura, hukiweka kidhibiti mezani hadi hatari ipite, na palepale ubishi huzuka: je, huko ni kucheza au ni kukwepa kucheza?

Maoni ya Kwanza: Uteuzi Huzaa Wajibu

Kundi la kwanza la wachezaji hushikilia kwamba uteuzi ndio unaoufanya mchezo huu utishe. Katika filamu ya kawaida ya kutisha, mtazamaji hucheka mhusika anaposhuka peke yake kwenye giza la chini ya nyumba. Katika Until Dawn, mtazamaji ndiye aliyemtuma huko. Kicheko hukosa mahali pa kukaa.

Tukio linalotajwa sana kuthibitisha maoni haya ni lile la Emily na bastola. Iwapo Emily ameumwa na wendigo, wenzake wanaanza kuhofu kwamba naye atageuka kuwa kiumbe cha aina hiyo. Mike anamwelekezea bastola. Mchezaji ana sekunde chache za kuamua: afyatue au asifyatue. Emily ameandikwa kuwa mhusika mwenye kiburi na ulimi mkali, na wachezaji wengi wamekwisha kumchukia kufikia hapo. Baada ya uamuzi, Ashley anasoma katika kitabu cha kumbukumbu na kugundua kuwa kuumwa hakuambukizi. Aliyefyatua ameua mtu asiye na hatia. Asiyefyatua naye hapati raha kamili, kwani Emily aliye hai anaweza kumzaba Ashley kofi kwa jinsi alivyoshadidia aondoshwe.

Hapa ndipo mchezo unapomhoji mchezaji mwenyewe. Je, alifyatua kwa sababu ya hatari, au kwa sababu hakumpenda mhusika? Hadhira ya kawaida inaweza kumtakia mhusika mabaya bila gharama yoyote. Mchezaji wa Until Dawn hulipishwa kwa kutakia huko. Wolfgang Iser, katika maelezo yake kuhusu usomaji, alidai kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza. Katika tukio hili pengo limejazwa kwa risasi, na aliyelijaza hawezi kumsukumia mtunzi lawama yote.

Maoni ya Pili: Uteuzi ni Kiinimacho

Kundi la pili linapinga. Kwa mujibu wao, mchezo unajivunia uhuru ambao hautoi. Ushahidi wao si haba. Hannah na Beth huporomoka gengeni daima, lolote atakalofanya mchezaji. Sam na Mike hawawezi kufa hadi sura ya mwisho, ya kumi, hata mchezaji akiwa mzembe namna gani, kwa sababu hadithi inawahitaji. Josh hana mwisho mwema katika toleo la 2015: ama anauawa, ama anaburutwa na kuachwa mlimani ageuke.

Mfano wanaoupenda zaidi ni mtego wa msumeno. Chris anakuta Josh na Ashley wamefungwa, na mtu aliyefunika uso anamtaka achague atakayeokolewa. Amchague Ashley au amchague Josh, msumeno humkata Josh. Malalamiko haya si mageni. Mwaka wa 2012, kampuni ya Marekani ya Telltale Games ilitoa mchezo wa The Walking Dead, ambao mwishoni mwa kila sehemu ulimwonyesha mchezaji asilimia ya wenzake walioamua kama yeye. Katika sehemu ya kwanza mchezaji huokoa Carley au Doug. Katika sehemu ya tatu, yeyote aliyeokolewa hupigwa risasi na kufa. Lee, mhusika mkuu, huumwa na mfu anayetembea bila kujali uteuzi wowote. Walioudhika waliuliza: kwa nini tuulizwe kama jibu limekwisha kuandikwa?

Hoja hii ina uzito, lakini inahitaji kupimwa. Katika mtego wa msumeno, inabainika baadaye kwamba aliyefunika uso ni Josh mwenyewe. Damu ilikuwa ya uongo na kifo kilikuwa maigizo, kwani Josh alikuwa akilipiza kisasi cha dada zake. Uteuzi ulikuwa wa bandia ndani ya hadithi yenyewe. Mchezaji anayelalamika kwamba alihadaiwa amelalamikia jambo lilelile ambalo Chris analilalamikia, na kwa hiyo mchezaji na mhusika wamo katika hali moja. Hicho ni kinaya kilichokusudiwa.

Fauka ya hayo, uteuzi wa bandia unaweza kuzaa matokeo ya kweli. Katika mtego unaofuata, Chris anapewa bastola na kuambiwa achague kati ya uhai wake na wa Ashley. Risasi ni za bandia, hivyo hakuna afaye. Hata hivyo Ashley hasahau. Baadaye Chris anakimbia kuelekea nyumbani huku wendigo akimfuata, na Ashley yuko upande wa ndani wa mlango. Iwapo Chris alimfyatulia Ashley ile bastola, Ashley hamfungulii. Anatazama tu. Mchezaji hapewi nafasi ya kumwamuru. Mlango wa ngano umerejea, na safari hii umefungwa na kumbukumbu ya mhusika.

Maoni ya Tatu: Hukumu ya Vidole

Kundi la tatu halibishani kuhusu uhuru, bali kuhusu haki. Wahusika wengi hufa kwa sababu mchezaji alichelewa kubonyeza kitufe, na wala si kwa sababu aliamua vibaya. Wanaotoa maoni haya huuliza: ikiwa mchezo unapima hekima na maadili, mbona unaadhibu wepesi wa vidole?

Kisa cha Jessica kinafafanua suala hili. Jessica ananyakuliwa dirishani na kuburutwa msituni. Mike anamkimbilia, na njiani mchezaji huulizwa apitie njia ya mkato yenye hatari au njia salama iliyo ndefu. Anayechagua usalama mara kwa mara hufika amechelewa, na Jessica hufa. Wachezaji waliozoea kuona busara ikituzwa walihisi wamedhulumiwa. Wengine waliona tukio hilo ni la haki kabisa: mtu anayekwenda kuokoa mwenzake kwa kujihifadhi kwanza hajakwenda kuokoa. Lakini hata mwenye ujasiri anaweza kuteleza kwa kukosea kitufe kimoja, na hapo hoja ya maadili hukosa nguvu.

Hans Robert Jauss, mmojawapo wa waasisi wa nadharia ya upokezi, alisema kwamba kila hadhira huja na upeo wake wa matarajio. Mchezaji aliyelelewa na michezo ya mpira na mapigano hutarajia vidole vyake vipimwe. Aliyelelewa na filamu hutarajia kusimuliwa. Until Dawn umewaketisha wote wawili kwenye kiti kimoja, na sehemu kubwa ya ubishi kati yao inatokana na tofauti ya matarajio waliyokuja nayo. Toleo la 2024 liliudhihirisha ukweli huu kwa njia nyingine. Wimbo wa ufunguzi ulibadilishwa, kamera iliyokuwa imetulia pembeni kama ya filamu ikawekwa nyuma ya mhusika, na miisho ya ziada ikaongezwa. Wachezaji wa zamani wengi walinung'unika kwamba hadithi waliyoifahamu imeguswa, kama wanavyonung'unika wasikilizaji wa ngano wanapoletewa fanani mgeni.

Wendigo, Zimwi na Swali la Umiliki

Wendigo si ubunifu wa kampuni. Ni kiumbe wa masimulizi ya jamii za wenyeji wa Amerika ya Kaskazini zizungumzazo lugha za Kialgonquian, zikiwemo Cree na Ojibwe. Huhusishwa na baridi, njaa, na binadamu aliyekula nyama ya binadamu mwenzake. Kwa jamii hizo, ni funzo kuhusu uroho unaomla mwenye uroho. Katika mchezo, wachimba migodi walionaswa chini ya mlima mwaka wa 1952 walilana na kugeuka. Hannah naye hakufa gengeni. Njaa ilimfikisha mahali pa kula maiti ya pacha wake, naye akageuka.

Baadhi ya wachezaji na wahakiki wamelalamika kwamba utamaduni wa wenyeji umetumiwa kama kichocheo cha hofu, ilhali wenyeji wenyewe hawamo miongoni mwa wahusika. Lalamiko hili halifai kupuuzwa na msomi wa Kiswahili, kwani ndilo lalamiko ambalo angelitoa siku ambayo zimwi, shetani wa mwambao au popobawa atauzwa katika mchezo wa ng'ambo bila jamii husika kutajwa. Lalamiko linalofanana nalo linamhusu Josh. Yeye ni kijana mwenye ugonjwa wa akili, mwenye msiba wa dada wawili, anayezungumza na tabibu asiyekuwepo. Wapo wachezaji wanaouliza kwa nini mgonjwa ndiye pekee asiyeweza kuokolewa.

Hata hivyo, mwisho wa Josh una jambo ambalo msikilizaji wa Kiswahili atalitambua mara moja. Iwapo mchezaji, kupitia Sam, ameipata shajara ya Hannah mgodini, Josh anapokamatwa na wendigo humtambua na kumwita kwa jina la dada yake. Wendigo hamuui. Humburuta na kwenda naye. Iwapo shajara haikupatikana, Josh huuawa papo hapo. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo, ambayo kwa kawaida hutumiwa kwa kejeli kuhusu jamaa na wakubwa, hapa imetimia kwa maana yake ya sisisi, na ukali wake umebaki: kutoliwa kwa Josh si kuokoka.

Ngano za Mtanziko kama Ufunguo

Jamii za Kiafrika zina kipera cha ngano ambacho kinaweza kuusuluhisha ubishi huu kwa kiasi. Ngano ya mtanziko humweka mhusika kati ya mambo mawili au zaidi yaliyo sawa kwa uzito, kisha fanani hunyamaza na kuiuliza hadhira. Mtu anavuka mto na mamake, mkewe na mwanawe. Mashua inapinduka, naye anaweza kumwokoa mmoja tu. Amwokoe nani? William Bascom alikusanya ngano nyingi za aina hii katika kitabu chake African Dilemma Tales cha mwaka wa 1975.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika ngano ya mtanziko jibu la hadhira halibadilishi chochote mtoni. Mashua imekwisha kupinduka. Hakuna msikilizaji ambaye amewahi kumshutumu fanani kwa kutoa uteuzi wa bandia. Thamani ya swali imo katika mjadala unaofuata, pale vijana wanapotetea mke, wazee wanapotetea mama, na kila mmoja anapojifichua kwa jibu lake. Fanani hukusudia hadhira izungumze.

Tukiutazama Until Dawn kwa jicho hilo, malalamiko ya kundi la pili hupungua makali. Swali la kumfyatulia Emily au kutomfyatulia lina thamani hata kama hadithi ingeishia mahali pamoja, kwa kuwa wachezaji hutoka hapo wakihojiana. Na ndivyo ilivyotokea. Watu wengi waliucheza mchezo huu kwa makundi, mmoja ameshika kidhibiti na wengine wakipaza sauti, kiasi kwamba kampuni hiyo hiyo ilipotoa Man of Medan mwaka wa 2019 iliweka utaratibu rasmi wa wachezaji hadi watano kupokezana kidhibiti. Yeyote aliyepita karibu na vibanda vya michezo ya video katika mitaa ya Nairobi, ambako mpira ndio unaochezwa zaidi, anaufahamu mkusanyiko wa aina hiyo: anayecheza ni mmoja au wawili, wanaoamua ni wengi. Hiyo ni hadhira tendi.

Tofauti moja inabaki. Katika ngano ya mtanziko, hadhira hujibu baada ya simulizi, ikiwa na muda wa kutafakari. Katika mchezo, jibu hutolewa ndani ya sekunde chache, kisha simulizi huendelea juu ya jibu hilo. Mtoa jibu hana fursa ya kulibadilisha baada ya kusikia hoja za wengine. Kwa sababu hii, mchezo hufichua silika ya mtu, ilhali ngano hufichua hoja yake. Kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha maoni ya aina tatu: kwamba uteuzi humpa mchezaji wajibu, kwamba uteuzi ni kiinimacho, na kwamba mchezo huchanganya uamuzi na wepesi wa vidole. Imedhihirika kuwa maoni ya kwanza na ya pili hayapingani kwa kiwango kinachodhaniwa, kwani wajibu wa mchezaji hautegemei ukubwa wa mabadiliko anayoyaleta katika msuko. Aliyemfyatulia Ashley risasi ya bandia hakuua, lakini alifanya jambo, na Ashley alikuwa sahihi kulikumbuka. Maoni ya tatu ndiyo yenye kasoro ambayo watunzi hawajaitatua.

Kuna haja kwa wanafunzi wa Kiswahili kuitazama michezo hii kwa makini kabla ya kuikataa kuwa ni upuzi wa vijana. Msomaji aliyepambana na Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hawezi kudai kwamba simulizi isiyofuata mstari mmoja ni jambo geni kwake. Istilahi za fanani, hadhira tendi, taharuki na mtanziko zinatosha kuanzia kazi. Kinachohitajika zaidi ni watunzi. Ngano za mtanziko za Wakamba, Wagikuyu, Waluo, Wamijikenda na Waswahili zipo, na programu za kutungia michezo ya matini zinapatikana bila malipo katika tarakilishi za vyuo vyetu. Mwanafunzi atakayeiweka ngano moja katika umbo hilo kwa Kiswahili, akiitaja jamii iliyoizaa, atakuwa ametenda lile ambalo watunzi wa Until Dawn hawakulitenda kwa wendigo.